Kurasa Nne za Milka

Kila asubuhi nilimngoja Milka kwenye kona ya mtaa wetu, Hockley, na kila asubuhi alichelewa. Sote tulizaliwa Kisumu, tukakutana Birmingham, na kwa Kiswahili chetu nilimgombeza njia nzima. Wapi! Jumatatu moja ya mwaka 1973 nilichoka, nikaenda shule peke yangu.

Siku hiyo tulikusanya kazi ya historia, iliyoandikwa na wanafunzi wawili wawili. Washindi wangeisoma mbele ya wazazi, na mama yake Milka, muuguzi, alikwisha kubadilisha zamu ili aje kusikiliza. Sisi tulipewa Askari wa Hekalu, watawa waliolinda mahujaji wa Yerusalemu. Mimi niliandika walivyoinuka: waliapa kuishi kimaskini, hata muhuri wao ulionyesha wawili juu ya farasi mmoja, kisha wakapata ngome na mashamba nchi nyingi. Milka alipaswa kuandika walivyoanguka. Kila nilipomuuliza alijibu, "Bado kidogo."

"Jasbir, sehemu ya mwenzako iko wapi?" mwalimu aliniuliza.

"Hajaandika chochote. Ni mvivu."

Nikafuta jina lake na kumalizia mwenyewe: tauni iliwaua wote. Nilibuni tu.

Mara Milka akaingia akihema, kurasa nne mkononi. Mama yake alikuwa hajarudi kutoka zamu ya usiku, kwa hiyo aliwapeleka wadogo zake shuleni kwanza. Alipoona jina lake limefutwa, aliziweka kurasa mezani kwangu. Niliona aibu, na hasira bado nilikuwa nayo, maana kuchelewa alichelewa kweli.

Jioni baba yangu, Gurdev, alirudi kutoka karakana akazisoma. Milka aliandika kwamba mfalme wa Ufaransa alitamani mali ya askari wale, akawakamata na kuwashtaki kuwa wamemkana Kristo. Walipoteswa, wengi walikiri wasiyoyatenda. Mwishowe Papa akalivunja shirika lao.

"Hawakuwa na makosa?" baba aliuliza.

"Walikuwa nayo. Watu walisema wana kiburi."

"Basi mfalme angesema kiburi. Na Milka ana kosa gani?"

"Anachelewa, baba. Kila siku ya Mungu."

"Basi ungesema amechelewa. Uvivu umeuona wapi? Kesho utamwambia mwalimu ukweli, Milka akiwepo."

Akiwepo! Ilinibidi nimngoje tena pale konani, dakika ishirini nzima. Tuligombezwa wote wawili kwa kuchelewa. Nilikiri mbele ya darasa, nikafuta tauni yangu, na mwalimu akazibana kurasa nne kwenye kazi yetu. Jina la Milka niliandika mimi mwenyewe.

Tulishinda. Siku ya wazazi tulikuwa tumeshaitwa kusoma, na kiti cha mama yake Milka bado kitupu. Milka aliukodolea macho mlango. Nikamwomba mwalimu atungoje kidogo. Hatimaye mama akaingia mbio, bado amevaa sare ya kazi.

Baba, aliyeketi karibu nasi, aliniinamia. "Amechelewa," alisema. "Hilo ni kweli, liseme. Lakini kosa la mtu liseme lilivyo, usimwongezee lisilo lake."