Kuanzia Katikati

Kila asubuhi sebule ya Bibi ilijaa sauti. Watoto waliketi juu ya mikeka, juzuu zimefunguliwa mbele yao, wakisoma kwa pamoja huku wakiyumba taratibu kama mtama upigwao na upepo. Bibi aliketi kwenye kiti kifupi kando ya dirisha. Hakuwa na fimbo. Silaha yake ilikuwa moja tu, nayo watoto waliiogopa kuliko fimbo: hakumruhusu mtu yeyote aanzie mwanzo.

Aliisoma aya moja kutoka katikati ya sura, akanyamaza, kisha akasema, "Haya, endelea."

Aliyehifadhi kweli aliendelea. Ambaye hakuhifadhi alifumba macho, akairudia sura tangu mwanzo kwa sauti ya chini, mbiombio, ili apafikie pale alipoulizwa. Watoto waliiita hali hiyo kutafuta mlango.

"Anatafuta mlango! Bibi, huyo anatafuta mlango!" walipiga kelele, na aliyekamatwa alirudishwa mkekani, naye akacheka pamoja nao akipenda asipende.

Mjukuu wa Bibi, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akiwasaidia wadogo kushika kurasa. Wenzake walimwita Kasuku, naye alilipenda jina hilo, kwa kuwa alilipata kwa sifa. Mama yake alikwenda Italia kuwauguza wazee tangu binti alipokuwa na umri wa miaka mitano. Sasa, baada ya kuhangaika mno, mama huyo alikuwa amepata nyumba na kibali cha kumchukua mwanawe. Lilibaki jambo moja tu. Shule ya mji ule ilikuwa na nafasi moja, na mwalimu mkuu wake alitaka kwanza azungumze na mtoto kwa simu ya video, kwa Kiitaliano. Akishindwa, nafasi ingepewa mwingine, na Kasuku angengoja mwaka mwingine.

Mwaka mwingine! Kasuku alikuwa amekwisha kuisahau harufu ya mama yake. Kilichobaki kilikuwa sauti tu, itokayo katika kisanduku kidogo kila Ijumaa.

Jioni alikwenda kujifunza kwa Mwalimu, mama mtu mzima aliyewahi kuwa mkalimani, ambaye miwani yake ilining'inia shingoni kwa uzi. Mwalimu alimpa karatasi za vitenzi vya kawaida, vile ambavyo ukikijua kimoja umewajua na ndugu zake. Kasuku alivichukua, akavitia katika mahadhi ya sebuleni kwa Bibi, akaviimba. Aspetto, aspetti, aspetta: ninangoja, unangoja, anangoja. Aspettiamo, aspettate, aspettano. Aliimba wakati uliopo, uliopita na ujao. Aliimba hali ya kuamuru, ya sharti na ya kutumaini, bila kuvuta pumzi. Wenzake walimpigia makofi. Mwalimu alimwuliza kwa kufuata mpangilio wa karatasi zake, naye hakuwahi kukosea hata mara moja.

Hata hivyo aibu ilimpata. Ilitoka kwenye simu.

Ijumaa moja Mama alimwuliza kwa furaha, "Che cosa hai mangiato?" Amekula nini? Kasuku alikijua kitenzi kile. Kilikuwa mle mle kichwani, kimesimama mahali fulani katikati ya nduguze. Lakini ili akifikie ilimbidi aanze wimbo tangu mwanzo. Alianza kuimba moyoni. Kabla hajafika, Mama aliuliza tena. Kasuku aliona uso ukimwaka moto, na kidole gumba chake kikabonyeza kitufe chekundu.

Mama alipopiga tena, alimwambia, "Mtandao, Mama. Leo mtandao mbovu kweli."

Uongo ni mgeni mwenye adabu. Huja kuomba maji, kesho ukamkuta amelala kitandani mwako. Tangu siku ile, kila lilipokuja swali, mtandao ulikuwa mbovu.

Ijumaa nyingine simu ililia Bibi akiwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Mwanangu, nina habari!" Mama alisema. "Nimemsifia mwalimu mkuu jinsi unavyovijua vitenzi vyote. Ameusogeza usaili. Sasa ni Jumanne hii!"

"Jumanne hii? Mama, mwambie angoje kidogo."

"Angoje nini tena, na wewe umekwisha kuiva? Haya, nijibu hili dogo. Mi aspetti?"

Unaningoja? Swali jepesi kama unyoya. Kasuku alifumba macho. Aspetto, aspetti, aspetta... Midomo ilimcheza. Kidole kikabonyeza.

Simu ililia tena papo hapo. Kasuku aliitazama kama mtu atazamavyo nge. Ikalia, ikalia. Bibi akaweka ungo chini, akaichukua, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito, akaifungulia sauti.

"Mama," ilisema sauti ya upande wa pili, nayo haikuwa na furaha tena. "Hapo ulipo mtandao ni mbovu?"

"Mtandao? Ninakusikia kama uko jikoni."

Kisha ikaja sauti ya mtu mzima anayelia huku akijizuia. "Basi nimejua. Kila nikimsemesha ananikatia. Nimekuwa nikijidanganya. Mtoto amenichoka, Mama. Nimemwacha mdogo mno, na sasa hanitaki. Labda nimwambie mwalimu mkuu ampe mwingine nafasi hiyo. Sitaki kumleta mtoto kwa nguvu."

Kasuku alitaka kukimbilia nje, akajizuia. Miaka yote aliyongoja ilikuwa inamponyoka, wala si kwa kuwa Kiitaliano ni kigumu. Ni kwa kidole chake mwenyewe. Alimtazama Bibi. Bibi alimnyoshea simu.

"Mama," Kasuku alisema, na machozi yakamtangulia. "Si mtandao. Ni mimi ninayekata. Sijui kujibu, Mama. Ninajua kuimba tu. Ninakutaka! Usimpe mwingine, tafadhali, usimpe."

"Ungeniambia tangu mwanzo, mwanangu," Mama alisema, kwa upole uliouma kuliko ukali. "Ningekusemesha polepole. Sasa siku yenyewe siwezi kuirudisha nyuma."

Simu ilipokatika, safari hii kwa salamu, Kasuku alijitupa mkekani. "Nimekwisha, Bibi. Jumanne nitaaibika mbele yao, na Mama ataaibika pamoja nami."

"Imba huo wimbo wako," Bibi alisema.

"Bibi, sasa?"

"Imba."

Kasuku aliimba huku akilia kwa kwikwi. Mlangoni alikuwa amesimama mtoto wa jirani, mwanafunzi mdogo wa Bibi waliyemwita Kipara, aliyefuata kofia yake aliyoisahau. Alisikiliza, kisha akatoa macho. "Haa! Kumbe hata Kasuku anatafuta mlango!"

"Nyamaza wewe," Bibi alimwambia, lakini uso wake ulikuwa umekunjuka. "Mjukuu wangu, lugha hiyo siijui hata herufi. Lakini mtoto anayetafuta mlango ninamjua hata akitafuta kwa Kichina. Vaa viatu. Twende kwa Mwalimu, nawe ndiwe utakayemweleza."

Njiani Kasuku alitamani ardhi immeze. Hata hivyo alieleza yote, na Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Lawama nyingine ni yangu," alisema. "Sikukuuliza nje ya mpangilio hata siku moja. Nipe karatasi zote."

"Zote? Mwalimu, nitabaki na nini?"

"Utabaki na ulimi."

Kuanzia saa ile nyumba haikuwa na amani. Kasuku akiosha vyombo, Bibi alimwita kwa ghafla, "Kuosha! Sisi! Jana!" Akianika nguo, "Kungoja! Wao! Kesho!" Bibi hakuweza kujua kama jibu ni sahihi, ila alijua mtoto akisita. Alipoona midomo inacheza kabla ya neno, alisonya. "Mlango!" Kipara naye alijipa cheo, akawa anachungulia dirishani. "Kulala! Bibi na mimi! Juzi!" Jioni Mwalimu alisahihisha. Siku ya kwanza Kasuku alishindwa karibu yote, akalia juu ya beseni la nguo hata Bibi akamwachia nafasi ya kulia. Siku ya pili neno moja lilitoka peke yake, bila wimbo, nalo lilimshtua kama samaki aliyeruka kutoka majini. Yalifuata mengine, machache. Usiku wa kuamkia Jumanne bado yalikuwa machache.

Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, uso wa mwalimu mkuu ulitokea kwenye simu. Ulikuwa uso mwembamba usiotabasamu. Pembeni ilionekana nusu ya bega la Mama.

"Con chi abiti?" Unaishi na nani?

Kasuku hakufumba macho. "Abito con mia nonna. Lei insegna ai bambini." Ninaishi na bibi yangu, naye hufundisha watoto.

"Nani alikusaidia ulipokuwa mdogo?" mwalimu mkuu aliendelea kwa lugha yake. Kasuku akajibu. Alikosea neno, akalirekebisha. Kisha likaja swali refu, lililokwenda kasi kama maji ya mferejini, naye hakushika hata neno. Bega la Mama lilitikisika. Kasuku alikiona kitufe chekundu kikimtazama, na kidole gumba chake kikasogea chenyewe kwa mazoea.

Alikirudisha. Akakificha kiganjani.

"Non ho capito," alisema. "Sikuelewa. Può ripetere, per favore?"

Mwalimu mkuu aliinua nyusi. Akarudia polepole: tukikukosesha nafasi mwaka huu, utafanya nini?

Jibu lilikuwa pale pale, halikuhitaji mlango. "Ho aspettato tanto," alisema. Nimengoja sana. "Aspetterò ancora." Nitangoja tena.

Mwalimu mkuu aliandika kitu, akainua kichwa. Alisema, na Mwalimu, aliyekuwa ameketi kando ya Bibi, akamtafsiria neno kwa neno, kwamba mtoto huyu Kiitaliano chake bado kichanga, na atalazimika kubaki darasani kila alasiri muhula mzima kwa masomo ya ziada. Ila mtoto asemaye "sikuelewa" anafundishika. Nafasi ni yake.

Bega la Mama liligeuka likawa uso mzima, uliolowa. "Mi aspetti?" aliuliza.

"Ti aspettavo, Mamma," Kasuku alijibu. "Ti aspetto." Nilikuwa ninakungoja, ninakungoja.

Nje ya dirisha Kipara alipiga kelele, "Hakutafuta mlango!" akakimbia kuieneza habari mtaa mzima.

Bibi alimvuta mjukuu wake karibu, akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Ujinga si aibu, mwanangu; sote tumezaliwa nao, na Mwenyezi Mungu ametupa ulimi wa kuuliza. Aibu ni kuuvika nguo ya elimu na kuutembeza barabarani. Wimbo wako ulikuwa mzuri, wala usiutupe. Lakini maisha hayatakuuliza tangu mwanzo. Yatakushika katikati ya njia na kukuambia, haya, endelea. Ukijua, sema. Usipojua, sema pia."

Kisha akauchukua ungo wake, akarudi kwenye mchele.