Kitoto cha Jangwani

Mchanga ulianzia kwenye sukari. Kokulinda akamlaumu mwenye duka, maana hao nao kwa kuchakachua hawajambo. Kesho yake ukawa ndani ya sufuria iliyofunikwa, kisha kwenye mto wa kulalia, na nyumba nzima pale Kiseke ikanuka vumbi la jua kali, ilhali nje mvua ilikuwa haijakata siku ya tatu. Mumewe Kamugisha, aliyekuwa hapati usingizi miezi sita, sasa alikoroma mpaka saa tatu asubuhi. Kwa hilo Koku alimshukuru Mungu, maskini.

Alhamisi mchana, akiwa jikoni, sauti ya mtoto ikasema mgongoni pake, "Shikamoo mama." Akageuka. Hapakuwa na mtu.

Mzee Masalu, anayewaletea maziwa kutoka Kisesa, siku hiyo alifika mlangoni akagoma kuingia. Alinusa, akashusha sauti.

"Mama, mlipita lile jangwa la kule mbele ya Kisesa, lisiloota hata nyasi?"

"Jumamosi. Mume wangu alitaka nikaone kiwanja."

"Kule hakuna kiwanja, mama. Kuna kitoto kisichoonekana, kinaamkia wapita njia. Ukikiitikia, umeshakuwa mzazi wake. Kitakufuata na kukumaliza, mpaka mkubwa mwingine akiitikie. Uliitika?"

Aliitika, ndiyo. Nani aliyelelewa Bukoba akaamkiwa na mtoto asiseme marahaba? Akakumbuka sasa kwamba Kamugisha alisimama hatua mbili tu kutoka pale, midomo kaibana, macho chini, na kwamba miezi sita nyuma alikwenda kulekule peke yake kupima ardhi, na kwamba Jumamosi ile, njia nzima ya kurudi, mwanaume alikuwa akipiga mluzi.

Alimkuta mumewe mezani anakula.

"Ulijua?"

Kamugisha hakuinua uso. "Nilikuwa nakufa, Koku."

"Ukanichagua mimi? Mkeo wa ndoa?"

"Una adabu. Nilijua utaitika." Akamega tonge. "Usiogope, nimeshapanga. Nimempigia mama yako kwamba unaumwa. Kapanda basi alfajiri."

"Mama? Na moyo wake ule mbovu? Mungu akulaani, Kamugisha! Afadhali nife nacho mwenyewe."

"Hodi humu!" Alikuwa mama yake, Ma Eugenia, barazani.

Koku alikimbilia mlango, akafungua kinywa kumpigia kelele mama yake asiitike, asiseme neno, arudi alikotoka, lakini mchanga ulimpanda kooni, mkavu, wa moto, ukamjaa mpaka puani, naye akaanguka sebuleni akiparua sakafu, huku akisikia sauti ile ndogo ikimpita na kutoka nje, taratibu, kitoto chenye heshima zake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu!" Bibi wa watu alicheka kwa furaha, miaka tisa alikuwa akiomba mjukuu. "Njoo unikumbatie basi. Mbona wamenificha?"

Koo la Koku likafunguka. Akavuta pumzi ndefu, tamu, akajichukia kwa utamu wake. Kamugisha akanawa mikono, akatoka kumpokea mkwewe mizigo.