Stoo ya Shuka

Rafiki yangu ni muuguzi wa wodi ya wazee. Mchana mmoja alifiwa na mgonjwa wa tatu wiki ile, bibi aliyemzoea kama mama yake. Hata hajafuta machozi, msimamizi akamwambia, "Tandika upya, kuna mwingine anasubiri."

Akaenda stoo kuchukua shuka, akifoka peke yake: "Kazi gani hii? Nimechoka!"

Umeme ukakatika. Stoo haina dirisha, kukawa giza totoro. Akasikia ndara zikiburuzwa taratibu kumjia, kisha sauti ya kizee: "Keti kidogo, mwanangu."

Akaketi sakafuni.

Taa zilipowaka, alikuwa peke yake, miguu mitupu. Viatu vyake vilikuwa vimepangwa mlangoni, kamba zikiwa bado zimefungwa.