Aliyeomba Maji Darasani

"Adelina, mpe maji huyo mama kwanza, halafu tuendelee," mhadhiri alisema.

Adelina aliitazama simu. Kipaza sauti alikuwa amekizima tangu kipindi kianze. Katika chumba alichopanga mtaa wa Mtendeni aliishi peke yake, na ilikuwa saa kumi alasiri, jua bado kali dirishani.

"Mama yupi, Mwalimu?"

"Huyo anayeita hapo kwako. Sote tunamsikia."

Wanafunzi wenzake wakaanza kuandika chini ya skrini: Mpe maji, dada. Anaumwa? Adelina akakata mawasiliano. Hapo ndipo harufu ilipomfikia: maziwa ya mgando na moshi wa samadi, ndani ya chumba ambamo maziwa hayakuwahi kuingia. Aliijua harufu ile. Wiki tatu nyuma aliisikia kwenye kaniki aliyomvua mgonjwa wake, Bibi Kabula, siku alipopokelewa wodini.

Adelina alikuwa muuguzi wa stashahada kwa miaka kumi na moja. Vijana aliowafundisha kushika sindano walikuja na shahada zao, wakawa wakubwa wake. Ndiyo maana alijiandikisha kusoma shahada kwa njia ya mtandao. Kituo chake cha afya hakikumpa ruhusa hata ya saa moja, kwa hiyo alisoma popote: jikoni, ndani ya bajaji, kwenye stoo ya dawa. Alisoma kwa hasira.

Siku ile ya kumpokea Bibi Kabula alikuwa na mtihani wa mtandaoni wa dakika arobaini, saa tisa alasiri. Wodi ya wanawake ilikuwa na wagonjwa ishirini na sita na muuguzi mmoja tu, yeye, maana mwenzake alipelekwa semina. Kabla ya kujifungia stoo alimtoa nje Paskazia, binti wa Bibi Kabula, kwa kuwa saa za kutazama wagonjwa zilikuwa zimekwisha.

"Nani atampa maji?" Paskazia aliuliza.

"Mimi nipo."

Mtihani ulipofika katikati, sauti ilipenya mlangoni, kwa Kisukuma kisha kwa Kiswahili. "Minzi. Maji, mwanangu." Adelina alisikia. Akajibu swali la kumi na nne. Akasikia tena, akajibu la kumi na tano. Alipotoka, bibi alikuwa amekata roho, mkono umenyooshwa kuelekea kikombe cha bati kilichoanguka sakafuni. Adelina alichukua faili akaandika: saa tisa na nusu, amekaguliwa, hali nzuri.

Mtihani alipata daraja la juu kabisa.

Basi tangu mhadhiri aliposema maneno yale, sauti haikukosa kipindi. Ikamfuata na kazini. Mchana kweupe, akiwa anagawa dawa, alisikia kikombe cha bati kikiburuzwa sakafuni nyuma yake, na alipogeuka kilinyamaza, na alipopiga hatua kikaburuzwa tena, kitanda hadi kitanda, mpaka wagonjwa wakavuta mashuka usoni, na mmoja akamnong'oneza, "Nesi, usiniache na huyo anayekufuata," na harufu ya samadi ikatanda wodi nzima, ikamkaba, akakimbilia bombani akanywa, akanywa, maji yakampita kooni kama yasiyopita, ulimi ukabaki mkavu kama gome.

Wiki iliyofuata mhadhiri aliuliza darasa, "Dalili zipi zinaonyesha kuwa mgonjwa anakaribia kufa?"

Sauti ikajibu kabla ya wote, kavu, ya taratibu. "Muulizeni Adelina. Aliandika hali nzuri."

Adelina akazima simu.

Kesho yake Adelina alilipeleka faili kwa Tobias, mganga mfawidhi wa kituo.

"Mzee, hapa niliandika uongo. Sikumkagua."

Tobias aliinuka akafunga mlango. "Bibi alikuwa na miaka themanini, mapafu yamekwisha. Nani analalamika?"

"Yeye mwenyewe."

"Umechoka. Acha hayo masomo."

"Masomo!" Adelina aligonga meza. "Wagonjwa ishirini na sita uliniachia, na wewe ndiye uliyempeleka mwenzangu semina! Mimi nilikosa, nimekuja kusema. Wewe je?"

"Toka ofisini kwangu."

Alitoka, akaenda moja kwa moja hadi mtaa wa Ng'ambo, kwa Mzee Selemani, mtu aliyejulikana kwa kisomo cha kufukuza majini. Mzee alifukiza ubani, akaanza kusoma. Hakufika mbali. Kinywa cha Adelina kilifunguka bila yeye kutaka, na sauti ya ajuza ikatoka.

"Unamfukuza nani? Mimi si jini. Nina kwetu. Nina mtoto."

Mzee akafunga kitabu chake.

"Binti yangu," alisema kwa sauti ya chini, "njia hii ya misafara ya zamani, ya watumwa na pembe, iliyopita mjini hapa imezika wengi walioachwa wakiomba maji. Nimesomea nyumba nyingi kwa ajili yao. Wale hawana wa kuwadaia haki yao. Huyu anaye. Ubani wangu hautamtoa. Nenda kwa mwanawe ukaseme."

"Ataniua."

"Huenda. Nenda."

Kesho yake Adelina alipanda basi la Igunga, akafika Choma, kijijini kwao Bibi Kabula, saa nane mchana. Paskazia alikuwa anakamua ng'ombe aliyebakizwa zizini kwa kuwa alikuwa amezaa. Alipomwona alisimama, kibuyu mkononi.

"Shikamoo, dada," Adelina alisema.

Adelina akapiga magoti pale pale kwenye vumbi la zizi akasema yote: stoo, mtihani, faili.

"Aliomba maji?"

"Aliomba."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Hesabu."

Adelina alifumba macho. Swali la kumi na nne, la kumi na tano, la kumi na tisa. "Mara saba."

Kibuyu kilimpiga begani, maziwa yakamwagika kifuani. "Nilikuwa nje ya dirisha!" Paskazia alipiga kelele. "Hatua kumi! Nilikuwa na maji mkononi! Ulisema upo!"

"Nilisema."

"Ungempa, angepona?"

"Asingepona. Lakini asingekufa akiita."

Paskazia akamkamata gauni, akamwinua, ngumi juu. Kisha ngumi ikabaki hewani. Kutoka ndani ya nyumba, ambamo hamkuwa na mtu, mtu alikohoa. Sauti ya ajuza ikaita kwa Kisukuma, ikimtaja Paskazia kwa jina la utotoni ambalo Adelina hakuwahi kulisikia. Haikuwa kavu tena.

Adelina alimeza mate. Yalipita.

"Ondoka," Paskazia alimwambia. Uso wake ulikuwa umelowa machozi, na chuki machoni haikupungua hata chembe. "Sijakusamehe. Usije tena."

Akaiokota ndoo ya maji kando ya ukuta, akaibeba kwa mikono miwili asimwage, akaingia ndani. Adelina alisikia komeo likifungwa, halafu wanawake wawili wakizungumza.