Sisimizi Asiyengoja "Ila"

Sisimizi aliingilia mshipa wa paja, akafika moyoni kabla Bi Mwantumu hajamaliza kusoma dua. Alikuwa roboti mdogo kama punje ya mtama, na kazi yake ni kufunga njia za panya ambamo umeme wa moyo hupotelea. Bi Mwantumu alizaliwa na tundu moyoni, likashonwa angali mchanga. Sasa ana wajukuu, na umeme wa moyo ukifika kwenye lile kovu huchepuka, mapigo yakaenda mrama. Juzi alianguka jikoni, nusura aungue.

Vichochoro ni vingi. Kinachomwangusha ni kimoja, na anayekijua ni mwenye moyo. Kwa hiyo Sisimizi hugusa kila kimoja kukiamsha, huuliza, ndipo huchoma kile kinachomsumbua mgonjwa.

"Shikamoo, bibi. Unajisikiaje hapa?" sauti yake ilitoka kwenye spika.

"Marahaba. Salama tu, mwanangu."

"Si hapa. Nasogea."

Mhandisi Rukia, aliyemuunda, alitabasamu. Adabu hiyo alimfunza yeye, baada ya wazee wa Morogoro kulalamika kwamba mashine yake haina malezi.

"Na hapa, bibi?"

"Salama, alhamdulillahi."

"Nimepita kote. Bibi amepona. Natoka."

Lakini vidole vya Bi Mwantumu vilikuwa vimeng'ang'ania shuka, na jasho linamtiririka. Rukia alishtuka. Jamani, tangu lini Mswahili akaulizwa hali akaanza na ubaya? Hata akiwa taabani atasema salama kwanza. Ugonjwa huja baada ya "ila", na Sisimizi hakungoja "ila".

"Simama! Rudi hapo ulipotoka!" Rukia alimshika mgonjwa mkono. "Salama, ila nini, bibi?"

"Ila ndiyo hii hii inayoniangusha," Bi Mwantumu alihema. "Nilidhani ananisalimu tu. Nianze na malalamiko, mimi sina haya?"

Sisimizi akachoma. Mapigo yakatulia kwenye skrini, na Bi Mwantumu akalia kwa furaha bila kujificha.

"Umesikia?" Rukia alimwambia Sisimizi, moyo wake mweupe. "Ukiambiwa salama, ngoja 'ila'."

"Nimeelewa. Na wale walioniambia salama, nikawaaga kwamba wamepona?"

Rukia alichukua simu, akampigia Mzee Lugendo, wa kwanza kutibiwa baada ya Sisimizi kufunzwa adabu. Alipokea mkewe.

"Mzee hatunaye, mwanangu. Alianguka shambani."

Rukia alimpa pole, akalia naye. Kisha akafuta machozi, akapiga namba ya pili.