Tuta Lisilokatwa Maua

Soko la maua la ghorofa ya tatu, pale Seoul, Jumamosi asubuhi halina heshima kwa mtu. Ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa. Hapo ndipo ndoo ya tulipu ilipommwagikia Bang Seol-hee kwenye sketi yake nyeupe. Mwenye ndoo akabaki ameduwaa, suti nyeusi, tai imepinda, masikio mekundu.

"Samahani, dada. Samahani sana!"

"Samahani inafua nguo?"

"Haifui. Lakini mimi nafua."

Seol-hee akacheka bila kupenda, na kicheko hicho kikamponza: wakawa wapenzi. Kijana huyo, Guk Tae-oh, alikuwa karani wa bima, na siku ile alinunua maua ya kumuaga bosi wake. Vuli ya mwaka huohuo akajiaga mwenyewe. Aliacha kazi, akakodi kishamba huko Yangpyeong, mwendo wa saa moja na ushee kwa treni, akaanza kulima maua na kuyauza mjini kwa mafungu.

Seol-hee, muuza manukato katika duka kubwa la vioo vitupu, alimpongeza kwa kumkumbatia. Moyoni aliisikitikia ile suti. Baadaye akagundua kuwa suti haikuwa na neno, maana kila simu ilikuwa na Mi-ryeong ndani yake. Ok Mi-ryeong, mjane, mkulima wa shamba la jirani, ndiye aliyekuwa akimfundisha Tae-oh kazi. Mi-ryeong kasema hivi, Mi-ryeong kasema vile.

"Huyo Mi-ryeong ana umri gani?" Seol-hee aliuliza jioni moja simuni.

"Sijamuuliza."

"Mzuri?"

"Sijamtazama vizuri, mpenzi."

"Mwongo mkubwa! Ungesema ni mbaya, leo ningelala."

Majira ya kuchipua yalipofika alimtembelea. Tae-oh alimwonyesha matuta yote kwa fahari, isipokuwa moja la mwisho, karibu na uzio. Hapo palikuwa na peoni changa, yale maua makubwa ya petali nyingi, shina fupi, kila moja na tumba dogo la mviringo lenye ncha nyekundu.

"Nikatie hata moja, basi."

"Hizo hazikatwi. Chukua tulipu. Chukua hata ndoo nzima."

"Kwani ni za nani?"

Masikio ya Tae-oh yakawa mekundu. "Za mtu," akasema, na kugeukia jembe lake.

Za mtu! Seol-hee alirudi nalo hilo neno mjini, akala nalo, akalala nalo. Mtu gani huyo mwenye tuta zima, wakati yeye mpenzi wake wa halali hapewi ua moja? Jibu alikuwa nalo, na lilikuwa na jina. Wivu ulimkaa usoni hata wateja wakawa wanamwuliza kama anaumwa.

Siku yake ya mapumziko alivaa koti la rangi ya maziwa, viatu vya kisigino, midomo akaipaka nyekundu kabisa, akapanda treni bila kuaga. Alipofika shambani, macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye tuta la mwisho. Mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti pale, mrembo, nywele zimebanwa, na mwilini amevaa koti la buluu la Tae-oh. Koti ambalo Seol-hee mwenyewe alimnunulia Tae-oh siku yake ya kuzaliwa.

"Karibu! Bila shaka wewe ndiye Seol-hee," mwanamke akasema akiinuka. "Mimi Mi-ryeong. Tae-oh ameenda kutafuta bomba jipya. Ngoja nikuletee supu, baridi kali leo."

Akaingia kibandani kama mwenye nyumba. Roho ya Seol-hee ikamchoma. Akapiga magoti na koti lake lote la rangi ya maziwa, akaanza kukonyoa matumba. Moja, jingine, na jingine, mpaka tuta zima. Tukose wote!

Alipoinua kichwa, Tae-oh alikuwa amesimama nyuma yake na bomba begani. Mi-ryeong naye akatokea na bakuli, akatazama matumba chini, akapasuka kicheko hadi supu ikamwagika.

"Wiki nzima namwambia ayakonyoe, mizizi bado michanga, yataunyonya mmea! Hana moyo huo. Leo nimekuja kuyatoa mwenyewe, bomba likanipasukia, nikalowa chapachapa, akanivisha koti. Kumbe kazi ina mwenyewe!" Kisha akawatazama usoni, akaweka bakuli chini na kwenda zake, koti la buluu bado mwilini.

Tae-oh hakucheka. "Ulitaka kujua ni za nani. Ni zako. Nilizipanda wiki ile niliyoacha kazi. Mwaka wa kwanza na wa pili hazikatwi. Wa tatu ndipo zinatoa maua ya kushikwa na bibi harusi."

"Basi... si nimekusaidia?"

"Mkono wako umenisaidia. Wewe ulitaka kuniumiza."

Ilikuwa kweli, na Seol-hee alilijua hilo. Alitembea hadi stesheni, visigino vikizama matopeni, huku akilia waziwazi. Treni ilikuwa inaingia simu ilipolia.

"Umeliacha moja," Tae-oh akasema. "Lilijificha chini ya jani."

"Likonyoe."

"Siwezi. Nimejaribu."

Milango ya treni ikafunguka, ikafungika. Seol-hee alikuwa bado amesimama jukwaani. "Mimi nilikosa, Tae-oh. Nimekuonea wivu mpaka nimekuwa mtu mbaya. Usiliguse. Nisubiri."

Alimkuta amechutama pale uzioni. Tumba lilikuwa nono, limeanza kuonyesha rangi yake ya waridi, na safari hii Seol-hee alijua anakonyoa nini. Alilitamani kuliko maua yote ya soko lile. Akalishika, Tae-oh akaweka mkono wake juu ya wa kwake, wakalikonyoa pamoja.

"Mwaka wa tatu," Tae-oh akanong'ona. "Utanisubiri?"

"Nitakusubiri." Seol-hee akafuta machozi kwa kiganja chenye udongo, akajipaka tope shavuni. "Lakini leo hiihii nenda kachukue lile koti."