Sauti Haina Jina Bandia

"Violet, ile sauti uliyorekodi ulimsikilizisha nani?"

Dokta Lilian hakuwa mtu wa kufoka. Ndiye aliyekuwa akiwalea watafiti chipukizi wa sheria na jamii pale ofisini kwao Ngarenaro, akiwafundisha kumsikiliza mtu aliyedhulumiwa bila kumwongezea balaa. Ukimwona anauliza kwa upole hivi, ujue kimenuka.

"Hakuna mtu, Dokta. Na jina nilibadilisha. Kila mahali nimemwita Mama Kahawa."

"Jina sijakuuliza. Mama Penina ameshindwa kesi barazani. Shahidi wake, Mzee Eliasi, kasimama akasema hakuona kitu. Kuna watu walimwendea nyumbani kumtisha. Nani alijua kwamba shahidi ni Eliasi?"

Penina alikuwa mjane wa kijijini Akheri. Wiki ya msiba wa mumewe, ndugu wa mume waling'oa masale, ile mimea ya mpaka, wakayapanda upya katikati ya shamba lake la kahawa. Violet alimrekodi akisimulia; alipofika kwenye habari ya shahidi uchungu ulimpanda, akahamia Kimeru. Sasa Violet ni Mchaga wa Marangu, Kimeru anaokoteza tu. Amwombe nani tafsiri kama si mchumba wake, tena mtafiti mwenzake wa darasa hilohilo? Ndoa ilikuwa Jumamosi inayokuja. Mtu unayekwenda kuishi naye utamficha kipande cha sauti?

Mapenzi bwana. Yanamsahaulisha msomi somo la kwanza kabisa.

"Abdiel," akasema. "Alinitafsiria."

Dokta Lilian akavua miwani.

"Abdiel wa Gerson? Unajua shemeji yake Penina anaitwa nani?"

Violet hakujua. Penina alimwita "yule mkubwa" tu, naye kwa adabu hakumchimba. Akatoka hadi kwenye ngazi, akapiga simu.

"Baby, niko kwa fundi nachukua suti."

"Mama Penina ni nani kwako?"

Cherehani ilisikika kwa nyuma.

"Mke wa marehemu baba mdogo."

"Uliitambua sauti yake?"

"Vai, mtu aliyekubeba mgongoni utaacha kumtambua?"

"Ukamwambia baba yako."

"Nilitaka wayamalize nyumbani. Sikujua kama watamwendea yule mzee."

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Nikuambie nini? Kiwanja alichotupa baba tujenge ni hapohapo. Ulitaka tukaishi wapi?"

Violet akakaa kwenye ngazi akalia, watu wakipita. Kile kiwanja alishakanyaga. Mpaka jiko alishalichagulia upande, litazame mlima. Kumbe alikuwa anapanga masufuria kwenye shamba la mjane.

Meseji ikaingia: "Usimwambie mtu. Nakuja. Nakupenda kuliko hicho kiwanja."

Alasiri Abdiel akafika nyumbani kwa Violet, ameshika tawi la isale kwa mikono miwili. Kwa Wachaga na Wameru, ukiletewa isale huna ruhusa ya kukataa kusamehe.

"Pokea, Vai. Unajua maana yake."

"Umelichuma wapi?"

Abdiel akatazama viatu vyake.

"Pale mpakani."

"Upi? Wa zamani au wa baba yako?"

Violet akaficha mikono nyuma, maana ilikuwa inataka kupokea. Alimpenda sana huyu kijana, tusidanganyane.

"Nenda barazani useme Eliasi aliendewa na nani. Ukishasema, niletee."

"Ni baba yangu, Violet."

"Najua."

Abdiel akaondoka na tawi lake. Barazani hakwenda. Harusi ikafia pale mlangoni.

Kesho yake Violet alichuma isale nyuma ya kanisa, akaenda Maji ya Chai, ambako Penina, tangu atolewe shambani kwake, alikuwa amepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Dokta Lilian alimsindikiza, ila akabaki nje.

"Kuomba radhi sikufanyii," alimwambia. "Hilo nalo utajifunza mwenyewe."

"Shikamoo, mama," Violet akamwamkia Penina.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda, na harusi imekaribia?"

"Haipo tena, mama. Sauti yako niliitoa mimi. Nilimpa Abdiel anitafsirie."

Penina akasubiri mashine imalize debe la mtu.

"Abdiel nilimlea mimi," akasema.

Violet akapiga magoti, akanyoosha lile tawi. Penina akalitazama, akalipokea. Desturi haikumwachia njia nyingine.

"Nimekusamehe, mwanangu. Yamekwisha."

Akaangalia sakafu ya saruji, akaangalia na uani, kokoto tupu.

"Mimi isale nikiletewa huwa nalipanda," akasema. "Sasa hili nilipande wapi?"